Fimbo na Mwenye Fimbo: Historia ya Kupima Fimbo za Gofu

Kumpimia mchezaji fimbo ya gofu ni kupatanisha vitu vichache na mwili wake na namna anavyopiga: urefu wa mpini, uzito wake na jinsi unavyopinda, unene wa kishikio, pembe ya uso inayouinua mpira, na pembe ya ulalo, yaani ile iliyopo kati ya mpini na ardhi kichwa kinapotua chini. Siku hizi kazi hiyo hufanywa ama na fundi aliyeisomea, ama na mchezaji mwenyewe nyumbani kwake. Mgawanyiko huo si wa kale. Kwa karne nyingi aliyeichonga fimbo na aliyeitumia walijuana, na kupima kulikuwa sehemu ya kuchonga. Kulikuja kuwa shughuli ya peke yake baada ya kiwanda kuwatenganisha wawili hao.

Kumbukumbu za mwanzo zinatoka Uskoti. Hesabu za hazina ya Mfalme James IV za mwaka 1502 zinaonyesha shilingi 14 zilizolipwa kwa mtengeneza pinde wa Perth kwa ajili ya fimbo. Mwaka 1603 James VI alimteua mtengeneza pinde mwingine, William Mayne wa Edinburgh, kuwa fundi wa fimbo wa mfalme. Kazi hiyo iliwafaa watu wa pinde. Walijua mti upi hupinda ukarudi na upi hupinda ukavunjika, na walizoea kumtengenezea mtu silaha inayolingana na nguvu za mikono yake.

Kufikia mwanzo wa karne ya 19 ufundi huo ulikuwa umekomaa, na jina lililovuma ni la Hugh Philp wa St Andrews, aliyefariki mwaka 1856 na kumwachia karakana mpwa wake, Robert Forgan. Kichwa cha fimbo ya wakati huo kilikuwa kirefu na chembamba, kimechongwa kwa mti mgumu kama mtufaha au mpea. Nyuma yake kilichimbwa tundu likamiminiwa risasi ili kipate uzito, na ukingo wa chini mbele ukapigiliwa kipande cha pembe ya kondoo dume ili usiliwe na mawe. Mpini na kichwa vilikatwa mshazari, vikaunganishwa kwa gundi, kisha kiungo kikazungushiwa uzi uliopakwa lami. Hakuna sehemu iliyotoka kwenye kalibu, kwa hiyo hata fimbo mbili za fundi mmoja hazikufanana kabisa.

Upimaji wenyewe ulikaa kwenye mpini. Mwanzoni ilitumika miti ya Ulaya. Baadaye, katika karne ya 19, meli zikaleta hikori kutoka Marekani, mti mgumu wenye nyuzi ndefu, na Forgan alikuwa miongoni mwa walioutumia mapema. Fundi alianza na mti mnene kuliko uhitajiwavyo, akaupunguza kidogo kidogo kwa randa, tupa na kipande cha kioo. Mteja aliushika, akautikisa, akasema bado ni mgumu. Fundi akaondoa unyoya mwingine wa mti karibu na kichwa, akamrudishia. Mbao ikishaondolewa hairudi, na hapo ndipo thamani ya mkono wa fundi ilipoonekana. Kishikio kilikuwa ukanda wa ngozi uliozungushwa juu ya kitambaa, na unene wake uliongezwa au kupunguzwa kwa kuongeza au kupunguza kitambaa. Mafundi wengi walikuwa wachezaji, na maduka yao yalikuwa kando ya viwanja. Duka la Tom Morris, bingwa wa British Open mara nne, linatazama hadi leo shimo la 18 la Old Course. Fundi wa namna hiyo hakuhitaji kumuuliza mteja jinsi anavyopiga, maana alikuwa akimwona.

Wachezaji nao hawakukaa wakisubiri fundi. Seti ilikusanywa kwa miaka, fimbo moja moja, kutoka kwa mafundi tofauti. Vichwa vingi vya chuma vilitoka kwa wahunzi waliouzia maduka mengine, kama Tom Stewart wa St Andrews, ambaye alama yake ilikuwa kiko kidogo kilichogongwa nyuma ya chuma. Mwenye fimbo aliweza kuukwangua mpini mwenyewe, kuufunga upya ukanda wa ngozi, au kumpelekea mhunzi kichwa akipinde. Bobby Jones, Mmarekani aliyeshinda mashindano makubwa manne katika mwaka mmoja, 1930, alishinda kwa fimbo za hikori alizozichagua kwa kuzishika na kuzitikisa tu. Husimuliwa kwamba fimbo zake zilipopimwa baadaye kwa vifaa, zilikutwa zikilingana isipokuwa moja, nayo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Hata kama simulizi hiyo imepambwa, ni kweli kwamba mkono uliozoea ulikuwa chombo cha kupimia kabla ya mizani kuwepo.

Lakini wakati Jones anatwaa mataji hayo, ufundi wa hikori ulikuwa tayari unakufa. Mhunzi wa Kiskoti, Thomas Horsburgh, alikuwa amejaribu mpini wa chuma cha pua tangu miaka ya 1890. Chama cha gofu cha Marekani kiliuruhusu katikati ya miaka ya 1920, na R&A, klabu ya gofu ya St Andrews, ikafuata mwaka 1929. Bomba la chuma halikwanguliki kwa kioo. Kiwanda kilitoa maelfu ya mipini yenye ugumu uleule, vichwa vikafuliwa kwa kalibu, na fimbo zilizokuwa zikiitwa kwa majina zikapewa namba na kuuzwa kwa seti nzima. Bei ilishuka na watu wengi zaidi wakaingia mchezoni, jambo ambalo lilikuwa jema. Gharama yake ni kwamba seti ilichongwa kwa ajili ya mtu wa wastani ambaye hayupo.

Kipimo kilichozaliwa katika enzi hiyo kinaonyesha vizuri tatizo lenyewe. Robert Adams wa Massachusetts alibuni mizani ambayo fimbo hulazwa juu ya egemeo lililo inchi 14 kutoka mwisho wa kishikio, kisha ikasomwa jinsi kichwa kinavyovuta upande wake. Matokeo huandikwa kwa herufi na namba. Fimbo nyingi za wanaume huangukia karibu na D2. Kwa mizani hiyo fundi aliweza kuzifanya fimbo zote za seti zihisike sawa mkononi, na bado inatumika. Hata hivyo ililinganisha fimbo na fimbo. Swali la kama D2 inamfaa mwenye mikono mirefu na pigo la polepole lilibaki bila jibu.

Aliyelirudisha swali hilo kiwandani hakuwa fundi wa fimbo. Karsten Solheim, mzaliwa wa Bergen, Norway, mwaka 1911, alikulia Seattle kwa baba mshona viatu na yeye mwenyewe akaifanya kazi hiyo kabla ya kuwa mhandisi wa General Electric. Alianza gofu akiwa amevuka miaka 40, akakosa raha na fimbo ya kusukumia mpira shimoni, na mwaka 1959 akatengeneza ya kwake katika gereji ya nyumba yake California. Uzito aliupeleka kwenye ncha na kisigino cha kichwa ili kisizunguke mpira unapoguswa pembeni. Kwa mlio wake fimbo hiyo ikaitwa Ping, na mwaka 1967 aliacha ajira akashughulikia fimbo tu.

Katika miaka ya 1970 kampuni yake ilianza kuuza fimbo za chuma zenye alama za nukta za rangi. Nyeusi ni ulalo wa kawaida, bluu ni uliosimama zaidi, nyekundu ni uliolala zaidi. Kwanza hupimwa kimo cha mtu na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni; kisha hutazamwa pigo lenyewe. Hatua ya pili ndiyo muhimu. Soli ya fimbo hubandikwa utepe, mchezaji hupiga mpira akiwa juu ya ubao mgumu, na ubao huacha mkwaruzo kwenye utepe. Mkwaruzo ukiwa katikati, ulalo ni sahihi. Ukiwa upande wa kisigino, ncha ilikuwa juu, na kwa anayepiga kwa mkono wa kulia mpira huelekea kushoto. Ukiwa upande wa ncha, huelekea kulia. Mchezaji anaweza kuhangaika miaka mingi kurekebisha pigo lake, kumbe kosa liko kwenye chuma.

Jaribio hilo linaweza kufanyika nyumbani, na wakati huo watu walikuwa tayari wameanza kujitengenezea fimbo. Mwaka 1967 Carl Paul na mkewe Barbara walianzisha Golfsmith nyumbani kwao New Jersey, baadaye wakahamia Austin, Texas; waliuza kwa posta vichwa, mipini na vishikio, kila kimoja peke yake. Mwaka 1974 Ralph Maltby wa Ohio alichapisha kitabu kinene kuhusu usanifu, upimaji na ukarabati wa fimbo, na ujuzi uliokuwa ukirithishwa karakanani ukafika kwa yeyote mwenye jiliwa na meza imara. Kubadilisha kishikio kulihitaji utepe wenye gundi pande mbili na kimiminika cha kuulainisha. Kubadilisha mpini, hewa ya moto ya kulegeza gundi ya epoksi, msumeno na subira. Makaratasi ya risasi yaliongeza uzito wa kichwa kwa gramu chache. Kwa miaka ya 1980 na 1990 harakati hii ilikuwa shule ya kweli, na wengi wa mafundi walioheshimika baadaye walipitia humo.

Mizani iliinama upande wa wataalamu baada ya mwaka 2003, ilipoanzishwa TrackMan nchini Denmark. Rada yake huonyesha kasi ya kichwa, pembe kinayoshukia, mzunguko wa mpira na njia unayopita angani, mambo ambayo jicho haliyaoni. Mwaka 2008 sheria ziliruhusu vichwa vya mbao, ambavyo wakati huo vilikuwa vya metali, kugeuzwa pembe kwa bisibisi, na fundi akapata uwezo wa kujaribisha mipini mingi juu ya kichwa kimoja kwa saa moja. Kwa upande wa pili Golfsmith, iliyowauzia mafundi wa nyumbani, iliomba ulinzi wa kisheria wa ufilisi mwaka 2016.

Kazi za nyumbani hazijafutika zote. Kishikio, urefu na uzito mdogo wa kichwa bado ni vya mwenye fimbo, na ulalo anaweza kuupima kwa utepe uleule, ingawa kuupinda ni bora amwachie mwenye mashine: chuma laini kilichofuliwa hutii, kile kigumu cha kumimina kinaweza kuvunjika. Kuchagua mpini na pembe ya fimbo ndefu ndiko kunakomfaa zaidi mwenye rada. Sheria za gofu hazitofautishi fimbo iliyopimwa na nani, ila zinataka kila marekebisho yawe yamekamilika kabla ya raundi kuanza, na anayepiga kwa fimbo aliyoigeuza katikati ya raundi huondolewa mashindanoni.