Fundo na Msingi Wake: Historia ya Ngozi ya Kusuka Katika Nchi ya Kajiado

Fundo la mapambo la ngozi hutengenezwa kwa ukambaa, yaani ukanda mwembamba wa ngozi, unaozungushwa na kusukwa juu ya mpini, fimbo au shingo ya kibuyu mpaka ncha zake mbili zikafichika, na fundo hilo kwa kawaida halisimami peke yake, kwa maana likivuliwa kwenye kitu lilichofungiwa huweza kulegea na kupoteza umbo. Kitu hicho cha chini ndicho msingi. Historia ya kazi hiyo katika nchi ya Kajiado, eneo la Wamaasai kusini mwa Kenya, kuanzia tambarare za Kitengela hadi Bissil na Namanga, imeelezwa kwa sehemu kubwa na watu walioutazama uso wa juu, hasa shanga, wakaisahau ngozi inayozishika. Ni haki basi masimulizi yaanzie chini.

Ngozi mbichi, ambayo ni ile iliyowambwa kwa vigingi, kuparwa nyama na kuanikwa bila kupitia kiwandani, ina tabia moja ambayo mafundi wa Kimaasai waliijenga kuwa elimu kamili: ikilowekwa hulainika na kutii mkono, na ikikauka husinyaa ikashika kwa nguvu isiyohitaji msumari wala gundi. Mfano ulio wazi ni ala ya sime; sime yenyewe kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, huitwa olalem. Vipande viwili vya mti hupasuliwa na kuchongwa vifuate umbo la upanga, hufunikwa kwa ngozi iliyolowa, kisha ngozi hiyo hutobolewa kwa msharasi, yaani chuma chembamba chenye ncha, na kushonwa upande mmoja; inapokauka huvibana vile vipande viwili hata vikawa kitu kimoja, na ndipo hupakwa rangi nyekundu. Katika mapambo mengine ya kale wekundu huo ulitokana na ngeu, udongo ambao Wamaasai huuita olkaria, uliochanganywa na mafuta.

Mgwisho, ule mkia wa mnyama unaoshikwa na mzee anapozungumza au kubariki, unaonyesha jambo hilo hilo kwa ufundi mwembamba zaidi. Mfupa wa mkia ukishatolewa, ngozi iliyobaki huvikwa ingali mbichi kwenye ncha ya mpini, na mahali mkia unapokutana na mti huonekana mshono usiopendeza, ambao pia ndio sehemu dhaifu kuliko zote, kwa kuwa mgwisho ukipungwa uzito wote huvuta hapo. Fundi huuzungushia ukanda mwembamba uliolowa, akipitisha zamu moja juu na zamu ya pili chini, na kila mara akikaza kwa kidole gumba kabla ukanda haujapoteza unyevu, kwa sababu kosa likishakauka haliondoki bila kuloweka upya kazi yote. Pambo hapo si nyongeza, maana ndilo linalozuia mkia usichomoke, na wale waliomwona Rais Jomo Kenyatta akipunga mgwisho wake mbele ya umati walikuwa wakiona, pamoja na ishara ya uzee na mamlaka, kazi ya kiungo kilichofichwa.

Watu wa mbali walifikia lengo hilo kwa njia nyingine. Mabaharia wa Ulaya walikuwa na fundo wanaloliita kilemba cha Waturuki, kwa kuwa hufanana na kitambaa kilichozungushwa kichwani, nao wachunga ng'ombe wa Argentina, waitwao gaucho, walilisuka kwa ngozi mbichi kwenye mijeledi na hatamu. Clifford Ashley, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1944 kitabu chenye mafundo zaidi ya 3,800, alilipa fundo hilo nafasi kubwa, na sababu inaeleweka, kwani ndani yake mna hesabu. Mistari inayokwenda sambamba kuuzunguka mpini na mapindo yanayoonekana ukingoni ni lazima yawe na idadi zisizogawika pamoja kwa namba yoyote zaidi ya 1: mistari 3 na mapindo 4 hukamilika kwa ukanda mmoja, ilhali mistari 4 na mapindo 6, ambazo zote hugawika kwa 2, huurudisha ukanda ulikoanzia kabla fundo halijaisha.

Kilichoifunika ngozi ya Kajiado kilipanda kutoka pwani. Misafara ya karne ya 19 ililipa njia kwa nguo, kwa waya wa chuma na wa shaba, na kwa shanga za kioo kutoka Venice na baadaye Bohemia, naye msafiri Joseph Thomson, aliyevuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alilazimika kusimama Taveta ili shanga zake zitungwe upya kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ladokeza kwamba wanawake wa Kimaasai, ambao ndio walioshika kazi ya kulainisha ngozi na kushonea shanga, walikuwa tayari na kipimo chao.

Kisha yakaja maafa. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotangazwa kufutwa duniani mwaka 2011, uliangamiza sehemu kubwa ya mifugo katika miaka ya 1890, na mikataba ya mwaka 1904 na 1911 ikawahamisha Wamaasai kutoka malisho yao bora na kuwasukuma katika hifadhi ya kusini, ambamo Kajiado imo. Nguo za pamba zilichukua nafasi ya mavazi ya ngozi, akala za matairi zikachukua nafasi ya viatu vya ngozi, na ngozi ikabaki pale ambapo hakuna kingine kilichoweza kufanya kazi yake: kwenye ala, kwenye mpini, chini ya shanga.

Ardhi nayo ilikatwakatwa. Sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za pamoja, na ile ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988 kuwa mashamba ya watu binafsi, ambayo mengi yaliuzwa kwa viwanja na kuzungushiwa senyenge. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Nairobi ili wasiweke uzio, uliowalenga wanyamapori lakini uliowafaa pia ng'ombe, na bila ng'ombe hakuna ngozi mbichi.

Mikanda, vishikio vya funguo na kola za mbwa zinazoshonewa shanga leo na kuuzwa kwa wageni hutumia kwa wingi ngozi ya kiwandani iliyotiwa dawa ya kromu, ambayo ni laini, haiozi upesi na hukatika vizuri, ila dawa hiyo imeiondolea uwezo wa kusinyaa na kubana, kwa hiyo kinachoshika kazi ni uzi wa nailoni na gundi. Mzee anayetaka mgwisho wake urekebishwe hutafutiwa bado kipande cha ngozi mbichi, ambacho hulowekwa, hukatwa kwa kuzungusha kisu kutoka ukingoni kuelekea katikati ili duara dogo litoe ukanda mrefu usiokatika, kisha hufungwa kingali na unyevu na kuachwa kivulini, kwa sababu jua kali hukikausha upande mmoja kabla ya mwingine na kulivuta fundo likae upande.