Asili ya Vifuniko Angavu vya Kunyoshea Meno
Hamu ya mwanadamu ya kutaka meno yake yakae safu moja ni ya kale, na tabibu Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alikwisha kueleza ukanda wa madini uliofungwa kwenye meno kwa nyuzi ili uyavute polepole. Zikafuata nyaya, ambazo sina haja ya kuzisimulia. La ajabu, kwa rai yangu, ni kwamba mwaka 1945 Mmarekani H. D. Kesling, aliyebuni kifaa cha mpira cha kukamilishia kazi ya nyaya, alibashiri kuwa meno yangeweza kuhamishwa kwa mfululizo wa vifaa, kila kimoja kikihitilafiana kidogo na kilichotangulia. Ila taabu ya kuvitengeneza vyote kwa mkono ilikuwa kubwa mno. Akaja mgonjwa, Zia Chishti, mwanafunzi wa Stanford aliyevaa nyaya ukubwani, akatambua kuwa kile kifuniko angavu cha kuyazuia meno yasirudi upogoni kina nguvu pia ya kuyasukuma, na kwamba kompyuta yaweza kupanga hatua zote. Naye pamoja na Kelsey Wirth wakaasisi kampuni ya Align Technology mwaka 1997 huko California, ili kutengeneza mfululizo wa vifuniko hivyo. Subira, hata hivyo, haikuondolewa: mvaaji huvivua wakati wa kula na kupiga mswaki tu, na kila jozi mpya huja na maumivu yake ya siku za mwanzo.