Maktaba ya nyimbo ya dijei: Namna ya kuipanga na kuitambulisha

MALI bila daftari hupotea bila habari, wahenga walinena. Kwa dijei wa leo, ambaye santuri na kanda zake zote zimo ndani ya tarakilishi, mali ni maelfu ya faili za nyimbo, na daftari ni lebo zilizoandikwa ndani ya faili hizo.

Katika Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani karibu na Shimoni, Kaunti ya Kwale, jambo hili lina uzito wa pekee. Harusi moja ya Pwani ya Kusini yaweza kudai taarabu ya Mombasa, chakacha, sengenya ya Wadigo, bango, rumba ya Kongo na bongo fleva kutoka ng'ambo ya mpaka. Programu wanazotumia madijei hazikubuniwa kwa shehena ya namna hiyo, hivyo kazi ya kuipanga humwangukia dijei mwenyewe.

Lebo ni nini?

Lebo ni maandishi mafupi yanayokaa ndani ya faili pamoja na sauti: jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka na aina ya muziki. Utaratibu uitwao ID3 ulianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya faili za MP3. Toleo la kwanza lilitenga nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo na 30 kwa mwimbaji, na aina za muziki zilitoka katika orodha ya 80 tu. Humo mlikuwa na reggae na disko, lakini taarabu, chakacha na benga hazikuwamo. Toleo la pili, la mwaka 1998, liliruhusu mtu aandike aina aitakayo. Kwa hiyo, dijei asiridhike na neno la jumla lenye maana ya 'muziki wa kikabila'. Na aandike 'chakacha' panapostahili chakacha.

Tahajia moja kwa kila msanii

Tarakilishi haijui kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyefariki mwaka 2016, huandikwa kwa tahajia nyingi, na albamu yake iliyotolewa Uingereza na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1990 ilibeba jina la kundi, Zein Musical Party. Dijei achague tahajia moja na kuishika daima. Vilevile Malika ni mwimbaji wa taarabu, ilhali 'Malaika' ni wimbo uliorekodiwa na Fadhili William, Miriam Makeba, Boney M na wengine wengi. Herufi moja ikidondoka, utafutaji huenda kombo.

Nafasi ya mtunzi nayo isiachwe tupu. Katika taarabu, aghalabu mshairi si mwimbaji. Ahmad Nassir, mwandishi wa diwani ya 'Malenga wa Mvita' ya mwaka 1971, alimtungia mashairi jamaa yake, mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Lebo inayomtaja mwimbaji peke yake humfuta mshairi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawalinda watunzi na waimbaji vilevile, na haki haiwezi kumfikia mtu asiyetajwa.

Nyimbo zilizonakiliwa kutoka santuri ndogo mara nyingi hukatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili. Vipewe jina lilelile na nambari 1 na 2, ili visitengane.

Mapigo na ada

Programu huhesabu mapigo ya wimbo kwa dakika ili kurahisisha kuunganisha nyimbo. Hata hivyo, nyingi zimezoea mapigo ya nne nne. Chakacha, inayokwenda kwa mapigo ya sita, yaweza kuhesabiwa vibaya, na hata wimbo wa kawaida waweza kusomwa mara mbili ya kasi yake au nusu yake. Dijei apige mapigo kwa kidole, kisha asahihishe.

Nafasi ya maelezo itumiwe kwa mambo ambayo mashine haiyajui. Kaswida zitengwe kabisa na nyimbo za dansi. Nyimbo za mafumbo na vijembe zipewe alama yake, kwani wimbo wa kumsuta mke mwenza, ukipigwa mbele ya wahusika, waweza kuvunja shughuli iliyogharimiwa kwa miezi. Alama nyingine ionyeshe wakati: wa kupokea wageni, wa kina mama, wa kumtoa bi harusi.

Ubora na hifadhi

Faili ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 2.4 kwa kila dakika, na ya kilobiti 128 huchukua karibu megabaiti 1. Kuipandisha ya 128 hadi 320 hakurudishi sauti iliyokwisha kupotea. Anayenakili kaseti za kale ahifadhi nakala ya FLAC, ambayo haipunguzi sauti na hupokea lebo vizuri, kisha atoe MP3 ya kupiga.

Programu hukumbuka mahali faili ilipo. Folda ikihamishwa au kubadilishwa jina, wimbo huonekana umepotea. Aidha, rekordbox huweka alama za kuanzia nyimbo katika hazina yake yenyewe, wakati Serato huziandika ndani ya faili. Kwa hiyo, anayenakili nyimbo peke yake huenda akaacha kazi ya miaka nyuma. Nakala ziwe 3, na moja ikae nyumba nyingine, kwa kuwa hewa ya chumvi na umeme wa kukatika havina huruma kwa diski.

Rekodi za kijijini

Kazi iliyo nzito kuliko zote ni ya sengenya na ngoma nyingine zilizorekodiwa kwa simu uwanjani. Faili kama hizo huzaliwa zikiwa na jina la tarehe na nambari tu. Hakuna orodha ya kigeni wala intaneti itakayojaza pengo hilo. Siku hiyohiyo ziandikwe jina la kikundi, kiongozi wa ngoma, mpiga nzumari, kijiji, tarehe na aliyetoa ruhusa. Wazee wanaoweza kuitambua sauti ya mpigaji kwa kuisikia tu wanapungua, na wakiisha, faili isiyo na lebo itabaki kuwa kelele nzuri isiyo na mwenyewe.