Ekzosi: neno moja, vipande vingi

Fundi akikuambia "ekzosi imekwisha", muulize ni sehemu ipi. Wengi hatuulizi, kwa sababu tunavyolijua neno hilo, ekzosi ni ile inayochungulia chini ya bampa ya nyuma, basi. Kuanzia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hadi maduka ya vipuri ya Grogan jijini Nairobi, neno hutumika hivyo na watu wanaelewana. Lakini kinachochungulia nyuma ni ncha tu. Kitu chenyewe kinaanzia kwenye injini, kinapita chini ya miguu ya dereva, kinaendelea chini ya kiti alicholala mtoto, ndipo kinatokeza nje. Gari likishafikisha miaka 20 na kitu, safari yote hiyo imeshaliwa na kutu, hapa kidogo, pale sana. Kujua kama utanunua raba ya shilingi chache au utabadilisha nusu ya mfumo kunategemea kukitaja kipande kwa jina lake.

Neno lenyewe limetokana na Kiingereza, likaingia kwa mlango mmoja na gia, klachi, breki na kabureta, mikononi mwa mafundi waliojifunza kazi kwa kushika spana. Katika Kiingereza lina maana mbili: gesi inayotoka baada ya mafuta kuungua, na mabomba yanayoitoa gesi hiyo. Sisi tulichukua mabomba. Gesi ikabaki bila jina la kiufundi, tukaiita moshi kama tunavyouita wa jikoni, na kifaa kikapata jina la pili, bomba la moshi.

Mtunga istilahi ana njia kadhaa. Anaweza kutohoa, apate ekzosi. Anaweza kueleza kazi ya kifaa, apate bomba la kutolea moshi. Anaweza pia kufufua neno lililokwishakuwamo: tunalo dohani, lenye asili ya Kiarabu, ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa bomba kubwa linalofuka juu ya meli na kwa bomba la moshi la nyumba. Dohani ni neno zuri na ningependa lidumu, ila linaita picha ya kitu kilichosimama wima na kufuka hewani. Chini ya gari halikai. Bomba la kutolea moshi linaeleweka na kila mtu, nalo ndilo linaloonekana kuwa Kiswahili zaidi, lakini ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote, kwa sababu linamfundisha mwenye gari kutafuta kisichokuwapo.

Injini ya petroli iliyo na afya haitoi moshi wa kuonekana. Inatoa nitrojeni, kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji kwa wingi, na ndani ya mchanganyiko huo kuna kaboni monoksaidi, mabaki ya mafuta yasiyoungua na oksidi za nitrojeni. Wingu jeupe linaloonekana asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru ni mvuke, nalo hutoweka injini ikipata joto. Moshi wa kweli ni dalili ya ugonjwa: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yaliyozidi, na mweupe usiokoma mara nyingi ni maji ya kupoozea injini yanayovuja kuingia kwenye silinda.

Ya kuogopwa katika orodha hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Kichwa huanza kuuma, kichefuchefu kinafuata, kisha usingizi mzito. Abiria wa safari ndefu akilalamikia hayo tunasema gari limemchosha. Ikiwa bomba limetoboka chini ya sakafu, na sakafu yenyewe ina matundu ya kutu au vizibo vyake vya mpira vimeanguka, si uchovu huo. Hata gari lisilotoboka popote lina hatari yake: ukibeba mbao au magodoro ukaacha mlango wa nyuma wazi, mwendo wa gari unavuta gesi ya nyuma kuirudisha ndani. Ukilazimika kufanya hivyo, fungua madirisha ya mbele. Mwenye gari anayeambiwa achunge "moshi" hawezi kuogopa kitu asichokiona.

Kwa hiyo napendekeza ekzosi libaki kuwa jina la mfumo mzima, na kinachopita ndani yake kiitwe gesi ya ekzosi. Vipande navyo vina majina tayari. Kuna manifodi ya ekzosi, ile ya chuma kizito inayokusanya gesi kutoka silinda zote. Linafuata bomba la mbele, ambalo katika magari mengi lina sehemu iliyofumwa kwa waya inayonyumbulika ili mtikisiko wa injini usivunje mabomba. Kisha masega, bomba la kati, sailensa, na mkia. Ukiacha manifodi, iliyofungwa kwenye injini, vipande vinaning'inia kwa raba, na kila maungio yana gasketi au pete ya kuziba.

Masega ni neno ninalolionea fahari. Kifaa hicho hubadilisha gesi zenye sumu kuwa zisizo na madhara makubwa, na ukitohoa jina lake la kigeni unapata mlolongo wa silabi ambao hakuna anayeutamka gereji. Mafundi wa Tanzania walikifungua wakaona ndani kuna udongo mgumu wa kauri uliojaa vijitundu vilivyopangana sawasawa, kama nyuki walivyopanga vya kwao, wakakiita masega. Hakuna jopo lililoketi. Kwenye kuta za vijitundu hivyo kumepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, membamba mno kuonekana, na gesi ikipita juu yake, yakiwa yamepata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi, kaboni monoksaidi inageuka kaboni dayoksaidi. Thamani ya madini hayo ndiyo inayofanya masega yaibwe, au yang'olewe na kuuzwa mwenye gari akiamini ametengenezewa ekzosi. Wapo wanaoyatoa kwa hiari wakisema gari linakuwa jepesi. Yakiziba kweli, gari linakosa nguvu na dawa ni kuyabadilisha. Yakiwa mazima, kuyatoa ni kumwachia sumu mtoto anayetembea kando ya barabara, kimo chake kikiwa sawa na ncha ya bomba.

Sasa kutu. Watu huitazama kwa nje, wakalaumu madimbwi na hewa ya chumvi ya pwani, nao hawakosei. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na yale yaliyoishi Hokkaido na mikoa mingine ya theluji yalipita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi majira yote ya baridi, kwa hiyo chini yameanza kuoza kabla ya kupanda meli. Lakini adui mkubwa yuko ndani. Lita 1 ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita 1. Injini ikiwa na moto na safari ni ndefu, maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Gari linalokwenda dukani na kurudi halipashi ekzosi hadi mwisho. Mvuke unafika kwenye sailensa ya nyuma, iliyo mbali na injini na yenye baridi kuliko vipande vyote, unageuka maji na kutuama humo pamoja na asidi iliyotokana na mabaki ya mafuta. Ndiyo maana sailensa ya nyuma hufa kwanza, na gari la mama anayelitumia sokoni na kanisani tu linaweza kuoza ekzosi mapema kuliko teksi.

Ukipata nafasi ya kuona sailensa iliyokatwa kwa grainda, itazame vizuri. Yanamwagika maji ya rangi ya chai, kisha magamba ya kutu yaliyoachana kurasa kurasa. Ndani kuna vyumba vilivyotenganishwa kwa bati, mabomba yaliyotobolewa matundu mengi madogo, na mara nyingine pamba ya nyuzi za kioo ya kumeza sauti. Nje rangi inaweza kuwa bado ipo, huku bati la ndani limekuwa jembamba kama jani. Chini kuna kitundu kidogo ambacho wengine hukiziba kwa kulehemu wakidhani ni tobo. Kitundu hicho kiliwekwa kiwandani ili maji yatoke.

Kupima hakuhitaji mitambo. Asubuhi, ekzosi ikiwa ya baridi, washa gari mahali pa wazi, mwenzako azibe mkia kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi; penye tobo patasikika "sss" au patapiga tut-tut-tut. Zima, kisha angalia chini, gari likiwa limeegemezwa juu ya stendi imara, kamwe lisiwe juu ya jeki peke yake. Mistari ya masizi meusi kwenye maungio inaonyesha gesi inapopenyea. Gonga mabomba kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na vumbi jekundu linakudondokea. Tobo la karibu na injini lina hila yake zaidi ya kelele. Gesi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba hunyonya hewa ya nje. Ikiwa ni kabla ya sensa ya oksijeni, sensa itadhani mafuta ni machache na kompyuta ya gari itayaongeza. Mwenye gari anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, gari linaendelea kula mafuta, kumbe tatizo ni gasketi.

Kiraka kinafaa wapi? Kinafaa pale ambapo tobo ni dogo na chuma kinachozunguka tobo bado ni kinene. Fundi anakwangua hadi kwenye chuma cheupe, anafunika kwa bati, anachomelea pande zote. Dawa ya kubandika inayokauka kwa joto ni ya kukufikisha nyumbani. Lakini moto wa kulehemu ukigusa bati lililokwisha, tobo linapanuka badala ya kuziba, na kila kiraka kinazaa kingine pembeni. Hapo kata hadi ukifikie chuma kizima, uunge bomba jipya.

Bomba jipya nalo lina mambo yake. La chuma cha kawaida ni rahisi na litakuwa na kutu mapema. Lililopakwa aluminiamu linadumu zaidi. Chuma kisichoshika kutu kinashinda vyote, ingawa hata chenyewe kina madaraja: kile cha namba 409, chenye kromiamu ya takriban asilimia 11, hupata kutu ya juujuu, wakati cha 304, chenye kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8 hivi, hung'aa miaka mingi na bei yake ni juu. Ninachoomba kisitumike ni bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo karibu na injini haina ulinzi wa kutegemewa, na fundi anayelichomelea anavuta mvuke unaomletea homa na kutetemeka usiku huo. Maziwa ambayo wengi hunywa baada ya kazi hayauondoi mvuke huo mapafuni. Kama hakuna bomba jingine, zinki ikwanguliwe yote kwanza, kazi ifanyikie penye upepo.

Ugumu mwingine ni nati. Zilizoungana na boliti kwa kutu zikilazimishwa hukatika, na boliti iliyokatikia kwenye kichwa cha injini ni kazi ya siku nzima ya kutoboa. Fundi mvumilivu hupulizia mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, anazipasha moto, anazungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Mpe muda huo na umlipe kwa muda huo. Kabla ya kuchomelea, waya wa betri utolewe, sensa ifunguliwe, na ikiwezekana bomba lishikizwe kwa nukta chache za moto likiwa kwenye gari, kisha lishushwe likamaliziwe chini, mbali na tangi la mafuta na mabomba ya breki. Gasketi za zamani zisirudishwe. Raba zilizopasuka zibadilishwe zote pamoja, kwa sababu bomba linaloning'inia upande mmoja huvunjikia kwenye maungio, na raba ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote hivi.

Kazi ikiisha, washa gari hadi ekzosi ipate moto kabisa, liache lipoe, kisha nati zikazwe tena. Dai kipande kilichotolewa. Na risiti isiandikwe "ekzosi" kwa ujumla. Iandikwe bomba la kati 1, gasketi 2, raba 4, na kama masega yameguswa, iandikwe yalirudishwa au yalibadilishwa.