Kususa na Kususiana: Mpira, Siasa na Mazishi katika Historia ya Pemba

Kitenzi susa kina asili ya nyumbani. Mtoto hususa chakula aliponyimwa kinofu alichokitaka. Mke hususa akarudi kwao hadi mumewe afuatwe na wazee. Asiyetarajia kubembelezwa hasusi. Kwa sababu hiyo neno hili hutofautiana na mgomo, ambao humlenga mwajiri au dola, yaani mtu wa mbali. Anayesusa humsusia aliye wake, na wahenga walimwonya mapema: ukisusa, wenzio wala. Katika kisiwa cha Pemba kitenzi hiki kilinyambuliwa kikawa kususiana, na mnyambuliko huo wa kutendana unabeba sehemu kubwa ya historia ya siasa ya kisiwa hicho tangu zama za vyama vya kwanza.

Zama za siasa, kama Wazanzibari wanavyouita muhula wa 1957 hadi 1963, zilianza na uchaguzi wa mwaka 1957, ambamo chama cha ZNP hakikupata kiti hata kimoja kati ya sita vilivyogombewa. Huko Unguja matokeo yake yalionekana kwanza mashambani: maskwota waliokiunga mkono chama cha ASP walifukuzwa na wenye mashamba, na kwa upande wao Waafrika wakasusia maduka ya Waarabu. Pemba haikuwa hivyo hasa. Mikarafuu ya huko ilikuwa imegawanyika zaidi mikononi mwa wenye vishamba vidogo, na mwenye mikarafuu yake hatishwi kwa kufukuzwa. Hivyo silaha iliyosalia ilikuwa ile ya jirani kwa jirani: duka asiloingia mtu, gari asiyoipanda, baraza asiyoikalia, na mwisho wa yote, maiti asiyeizika.

Ukali wa mgawanyiko huo hauelezeki kwa kabila peke yake, ingawa wapo waandishi waliojaribu. Mwishoni mwa 1959 Mohamed Shamte, Mpemba, alijitoa na wenzake katika ASP wakaunda ZPPP, na tangu hapo mstari ulipita katikati ya ukoo mmoja, pengine katikati ya kitanda kimoja. Katika uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na ASP kwa kura moja tu. Kura moja katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake kwa jina la babu ni jambo zito. Kila aliyeshindwa angeweza kumfikiria mtu fulani, binamu au shemeji, na kusema: ni yeye.

Michezo inaingia wapi katika habari hii? Inaingia mlangoni kabisa. Katika miji ya Zanzibar klabu ya mpira ilitangulia chama. Jumuiya ya Waafrika iliyoundwa mwaka 1934, ambayo baadaye ilikuwa mzazi mmojawapo wa ASP, ilikuta watu wake wamekwisha kukusanyika katika klabu za michezo na za dansi. Klabu ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la ada. Ilimfundisha kijana wa mjini kupiga kura kabla serikali ya kikoloni haijamruhusu kuipiga. Basi haishangazi kwamba klabu na chama viliazimana desturi, na miongoni mwa desturi hizo ni kususa.

Hata hivyo mpira una hesabu yake. Timu haichezi peke yake, na isiyofika uwanjani hupoteza mchezo. Hapo methali ya wahenga hutimia neno kwa neno: mwenzio huzila pointi zako. Kwa hiyo klabu inayomsusia mpinzani kwa siasa yake hulipa papo hapo, mbele ya watazamaji. Mfano ulio bayana kupita yote katika Afrika ya Mashariki ni wa mwaka 1976, ambapo Tanzania, pamoja na nchi nyingine zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa za Afrika, ilisusia michezo ya Olimpiki ya Montreal. Sababu yake ilikuwa timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na New Zealand yenyewe kuachwa iingie Montreal. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 akimshinda John Walker wa New Zealand, alibaki nje. Walker akachukua dhahabu. Bei ililipwa na mtu mmoja, hadharani, kwa ajili ya haki za watu wengine ambao wengi wao hakuwahi kuwaona. Ususaji wa namna hiyo una mipaka: una madai yanayotajwa, na yakitimizwa unakwisha.

Ule wa Pemba baada ya mwaka 1995 ulikuwa na madai pia, jambo ambalo waliuhukumu kwa haraka hawakulitaja. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, ilhali CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba. Wawakilishi wa CUF wakakisusia kikao cha Baraza, na wafuasi wao vijijini wakawasusia wana-CCM wachache waliokuwa miongoni mwao. Watumishi wa serikali wenye asili ya Pemba walifukuzwa kazi au kuhamishwa. Muafaka wa Juni 1999 haukutekelezwa ipasavyo, na mnamo tarehe 26 na 27 Januari 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa wasiopungua 35, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya.

Mbele ya risasi, kutonunua sukari kwa jirani kunaonekana jambo dogo. Lakini si dogo kwa yule muuza sukari, ambaye hakuamrisha risasi wala hakuhesabu kura. Hapa ndipo kususiana kunapoachana na Montreal. Dola iliyokosewa nayo haikununua dukani hapo. Aliyekosa chakula ni mtu mwenye uwezo mdogo kama yule anayemsusia. Na kwa mazishi jambo ni zito zaidi, kwa kuwa kumzika Muislamu ni faradhi ya kutoshelezana: wakiiacha wote, wote wamekosa. Uwanjani anayesusa humwachia mwenzake pointi. Makaburini hakuna anayepata kitu.

Maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoyaidhinisha kwa asilimia 66.4, yalituliza mambo kwa miaka mitano. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016 bila CUF kushiriki, kususiana kulirejea Pemba mara moja, katika maduka, magari, harusi na misiba, na viongozi wa serikali wakakemea hadharani. Kasi ya kurejea kwake inaonyesha kuwa desturi hii haikuhitaji kufundishwa upya. Kizazi cha 2016 kiliirithi kutoka kwa cha 1961 kama kinavyorithiwa kisima.

Maalim Seif, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, alifariki tarehe 17 Februari 2021. Alizikwa siku ya pili yake kwao Mtambwe, na miongoni mwa waliomsindikiza walikuwamo viongozi wa CCM.