Mashine Iliyolazimika Kuuliza: Ukurasa wa BIOS na Biashara Iliyouzaa

Mtu aliyewasha kompyuta ya mezani ya miaka ya 1990, akawahi kubonyeza Delete, au F2, au F10, kabla Windows haijaanza kupakiwa, alikutana na ukurasa wa bluu wenye herufi nyeupe na za njano. Kwa kawaida ukurasa huo haukutii kipanya. Uliorodhesha tarehe na saa, aina ya flopi, idadi ya silinda, vichwa na sekta za diski ngumu, na mstari uliosema mashine ianze kutafuta mfumo endeshi katika A au katika C. Mafundi wengi huueleza kwa lugha ya ufundi tu: kompyuta ikizimwa husahau, kwa hiyo palihitajika mahali pa kuhifadhi mambo machache, na ukurasa wa kuyaandikia. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayafiki kwenye chanzo. Ukurasa wa BIOS ulizaliwa na biashara. Ulikuja kwa sababu kompyuta ya mezani iliacha kuwa mali ya kiwanda kimoja, na mashine iliyounganishwa kwa vipande vya watengenezaji wasiojuana haikuwa na wa kumuuliza isipokuwa mwenye nayo. Uwezo ambao mwenye kompyuta aliupata hapo aliupata kwa bahati, hakuna aliyekusudia kumpa, na ndiyo maana umekuwa ukipungua bila kelele.

BIOS yenyewe ilianza kama suluhu ya aina hiyo hiyo. Katikati ya miaka ya 1970, Gary Kildall wa California aliunda mfumo endeshi wa CP/M, akautenga katika tabaka. Sehemu iliyojua siri za mashine fulani, yaani namna ya kusoma diski yake na kuandika kwenye skrini yake, iliwekwa peke yake ikaitwa BIOS, na sehemu nyingine zote zikabaki zile zile kwa kila mtengenezaji. Tabaka hilo liliwawezesha watu wasiofanya kazi pamoja kuuza vitu vinavyofanya kazi pamoja. IBM ilipotoa kompyuta yake ya kwanza ya binafsi, modeli 5150, tarehe 12 Agosti 1981, iliichukua njia hiyo. Chipu kuu, 8088, ilinunuliwa kwa Intel. Mfumo endeshi ulitoka Microsoft, kwa mkataba ulioiacha Microsoft huru kuuza mfumo huo kwa wengine. Kati ya vipande vyote muhimu, kitu ambacho IBM ilikuwa na hakimiliki yake ya wazi ni BIOS: programu ya kilobaiti 8 iliyochomwa ndani ya chipu ya ROM.

Kompyuta hiyo ya 1981 haikuwa na ukurasa wowote wa mipangilio. Ilikuwa na swichi. Juu ya madabodi kulikuwa na vibanda viwili vya plastiki, kila kimoja kikiwa na vijiswichi 8 vilivyosukumwa kwa ncha ya kalamu. Kijiswichi kimoja kiliieleza mashine kama ina flopi au haina, kingine kama ina chipu ya ziada ya hesabu, viwili vilitaja aina ya skrini, viwili idadi ya flopi, na vingine kiasi cha kumbukumbu. Kuongeza kadi ya kumbukumbu kulimaanisha kufungua skrubu za kasha, kuvuta kifuniko na kusoma jedwali katika kitabu cha maelekezo. Tangu siku ya kwanza, basi, mashine hii haikuwa na njia ya kujitambua vya kutosha. Ilikuwa na nafasi tano za kadi ambazo mtu yeyote angeweza kuzitengenezea kadi, na kwa kuwa haikujua kilichochomekwa, ililazimika kuambiwa.

Modeli ya AT ya 1984 ndiyo iliyohamisha maelezo hayo kutoka kwenye swichi kwenda kwenye umeme. IBM iliweka chipu ya saa ya Motorola, MC146818, yenye baiti 64 za kumbukumbu ya CMOS iliyoshikiliwa na betri. Baiti 14 zilikuwa za saa na udhibiti wake, na 50 zilizobaki zikawa za kuhifadhi mipangilio. Ufinyu wa nafasi hiyo unaonekana wazi katika diski ngumu. Baiti moja iligawanywa nusu kwa nusu, nusu ya diski ya kwanza na nusu ya diski ya pili. Nusu baiti haiwezi kutaja zaidi ya aina 15, kwa hiyo BIOS ilibeba jedwali la aina zinazojulikana, na mwenye mashine alitaja namba tu. Aina ya 2, kwa mfano, ilikuwa diski ya silinda 615, vichwa 4 na sekta 17, yaani takriban megabaiti 20. Ukitaja namba isiyo yake, diski nzima isiyo na kasoro ilionekana mbovu. Betri ikiisha, mashine ilitoa namba ya kosa, 161, na mwenye nayo akaingiza flopi ya uchunguzi iliyouzwa pamoja na mashine ili aandike kila kitu upya. Programu ya mipangilio ilikaa kwenye flopi hiyo. Ndani ya ROM haikuwamo.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja. Mtu atasema: hizo ndizo sababu zenyewe. Kumbukumbu ilikuwa ghali, betri ilihitajika, na ukurasa ungekuja tu, awe nani aliyetengeneza kompyuta. Lakini tutazame Macintosh, iliyotoka mwaka huo huo wa 1984. Nayo ilikuwa na saa, na betri, na vibaiti vichache vya kuhifadhi mipangilio, pungufu hata ya vile vya AT. Hata hivyo haikuwa na ukurasa wa kuulizia silinda na vichwa. Mipangilio yake ilibadilishwa ndani ya mfumo endeshi, nayo ilihusu sauti, kasi ya kipanya na mambo kama hayo. Apple haikuhitaji kuuliza ni skrini gani au flopi gani iliyofungwa, kwa sababu Apple ndiyo iliyoifunga. Mashine mbili za mwaka mmoja, zenye saa na betri ya namna moja, ziliishia na tabia mbili tofauti. Tofauti iliyobaki kati yake ni umiliki: ile iliyotoka mikononi mwa kampuni moja ilijijua, na ile iliyokuwa wazi kwa wote ililazimika kuuliza.

Kilichouhamisha ukurasa kutoka kwenye flopi hadi ndani ya mashine ni waigaji. IBM ilikuwa imechapisha orodha nzima ya msimbo wa BIOS yake katika kitabu cha kiufundi, kila mstari na maelezo yake, huku ikibaki na hakimiliki. Kuusoma kuliruhusiwa, kuunakili hapana. Eagle na Corona zilijikuta zikibanwa na IBM kwa madai ya kunakili, na mwaka 1984 zikakubali kuuacha msimbo huo. Compaq, iliyoanzishwa 1982, ilipita njia nyingine: kundi moja la wahandisi liliandika BIOS inayofanya nini, na kundi la pili, ambalo halikuwa limeuona msimbo wa IBM, likaandika upya programu inayofanya hayo hayo. Phoenix ilifuata njia hiyo mwaka 1984, lakini badala ya kuificha BIOS yake ndani ya kompyuta zake, iliiuza kwa yeyote. Award na AMI zikaingia katika soko hilo hilo. Kuanzia hapo kampuni ndogo ya Taiwan iliweza kutengeneza madabodi, ikanunua leseni ya BIOS, na kumuuzia mtu ambaye angenunua kasha, diski na skrini kwingine kabisa. Madabodi ya namna hiyo haikuwa na uhakika wa kusindikizwa na flopi yoyote. Mipangilio ilipaswa kukaa ndani ya chipu, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 ndiko ilikohamia. IBM yenyewe, iliyokuwa bado inauza mashine kamili, iliendelea kutoa PS/2 zake kubwa za 1987 na flopi ya mipangilio.

Hata sura ya ukurasa inashuhudia asili hiyo. Vitufe vya kuingilia havikuafikiana kwa sababu hapakuwa na mkubwa wa kuamua: Delete kwa AMI na Award, F2 kwa Phoenix, F10 kwa Compaq. Kulikuwa na sehemu nzima ya mipangilio ya juu iliyouliza kumbukumbu isubiri mizunguko mingapi kabla ya kusomwa, swali ambalo hakuna mhasibu wala mwalimu aliyepaswa kulijibu. Liliulizwa kwa sababu kampuni kama Chips and Technologies ziliuza chipu za madabodi bila kujua ni kumbukumbu ya kasi gani itakayochomekwa, na muuza madabodi naye hakujua. Uamuzi uliopaswa kufanywa kiwandani ulisukumwa kutoka mkono hadi mkono mpaka ukamfikia mnunuzi. Mfano mwingine ni ukomo wa diski. BIOS iliruhusu silinda 1,024 na sekta 63, na kiwango cha diski za IDE kiliruhusu vichwa 16. Ukichukua kidogo cha kila upande, ukazidisha na baiti 512, unapata takriban megabaiti 528. Kila upande peke yake ungebeba zaidi ya hapo. Ukuta uliowagharimu watu katikati ya miaka ya 1990 ulijengwa na viwango viwili vilivyoandikwa na watu wasioketi meza moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama ukurasa ulikuwa matokeo ya vurugu, kufa kwake kuna hasara gani? Watu walikosea namba wakapoteza kazi zao, na wengi waliogopa hata kuugusa. Kwa sehemu kubwa pingamizi hili lina haki. Diski za IDE zilikuja na amri ya kujitambulisha, na BIOS ikajifunza kuitumia. Kadi za PCI zilijieleza zenyewe. Vijiti vya kumbukumbu vilibandikwa chipu ndogo inayotaja kasi yake. Plug and Play, ambayo Compaq, Intel, Microsoft na Phoenix ziliipigia mbiu, ilipunguza ugomvi wa kadi kugombania njia moja. Maswali yaliyoulizwa kwa sababu mashine haikujua yalistahili kwisha. Lakini ukurasa ule ulichanganya maswali ya aina mbili. Ya kwanza yalihusu ukweli: una diski gani, una kumbukumbu kiasi gani. Ya pili yalihusu uamuzi: mashine ianze na diski ipi, nani aruhusiwe kuiwasha. Teknolojia inaweza kujibu ya kwanza vizuri kuliko mtu. Ya pili hayana jibu sahihi ndani ya chipu yoyote, maana yanategemea nani mwenye mashine na anataka kuifanyia nini.

Uzito wa swali la pili unaonekana hasa mashine inapobadilisha mikono, na Afrika Mashariki imejaa mashine za namna hiyo. Kompyuta ya mtumba iliyotumika ofisini Ulaya, ikapita Dubai, ikafika dukani Nairobi au Kariakoo, huja na maamuzi ya mwenyewe wa zamani. Betri yake ya CR2032 ikiwa imekwisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa kuwa tarehe haiafikiani na vyeti vyake. Dawa ni betri mpya na dakika moja kwenye ukurasa wa mipangilio. Ikiwa na nywila ya ofisi ile, fundi wa kompyuta ya mezani ya zamani huchomoa betri au husogeza jampa kwenye madabodi, na nywila hufutika pamoja na mipangilio yote. Katika kompyuta nyingi za mpakato njia hiyo imefungwa: nywila hukaa katika chipu isiyohitaji betri, na mnunuzi hubaki na mashine nzima asiyoweza kuianzishia mfumo mwingine.

Watetezi wa kufunga watajibu kwamba hilo ndilo kusudi: mwizi naye ni mtu asiye na nywila. Watataja pia CIH, kirusi kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, ambacho tarehe 26 Aprili 1999 kilifuta BIOS za kompyuta nyingi, kwa kuwa kufikia hapo BIOS zilikuwa kwenye chipu zinazoandikika upya. Hatari hiyo ni ya kweli, na UEFI, mrithi wa BIOS, iliyoanzia kazi ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990 na kukabidhiwa jukwaa la kampuni nyingi mwaka 2005, imeleta kinga ambazo BIOS ya zamani haikuweza kuwa nazo. Ila CIH haikuingia kupitia kwa mtu aliyeketi mbele ya ukurasa wa mipangilio. Iliingia kupitia programu iliyokuwa ikiendeshwa ndani ya Windows. Kinga dhidi yake ilikuwepo bila kumnyima mwenye mashine chochote: baadhi ya madabodi zilikuwa na jampa ya kuzuia maandishi, na Chromebook za miaka ya mwanzo zilitumia skrubu kwa kazi hiyo. Kirusi hakiwezi kufungua skrubu, mwenye mashine anaweza. Usalama na umiliki vinagongana pale tu mtengenezaji anapoamua kushika ufunguo peke yake.

Na uamuzi huo umekuwa ukifanywa kidogo kidogo. Windows 8 ilipotoka 2012, Microsoft iliwataka watengenezaji wawashe ulinzi wa Secure Boot, unaoruhusu mashine kuanza na programu zilizoidhinishwa tu, ikawataka pia, kwa kompyuta za chipu za Intel na AMD, wamwachie mtumiaji njia ya kuuzima. Kwa vifaa vya chipu za ARM iliikataza njia hiyo. Ilipofika Windows 10, hata kwa kompyuta za kawaida sharti la kuweka njia ya kuzima liligeuka hiari ya mtengenezaji. Swali la nani aamue mashine ianze na nini lilihamishwa kwa mstari mmoja katika waraka wa masharti.

Historia hii haitoi sababu ya kulilia silinda na vichwa. Inaonyesha kwamba ukurasa ulikuwepo kwa kuwa hakuna kampuni iliyokuwa na nguvu ya kuufunga, na kwamba haki isiyoandikwa popote hudumu kwa muda ule tu ambao wakubwa hawajapatana. Kwa hiyo ingefaa iandikwe. Shule au halmashauri inayonunua kompyuta kwa mafungu, mpya au za mtumba, ina uwezo wa kuweka katika zabuni masharti mawili: nywila za mmiliki wa zamani ziwe zimefutwa, na mpangilio wa kuanzisha mashine ubaki unabadilishika na yule anayeilipia. Masharti hayo hayaongezi gharama kubwa kwa muuzaji mwaminifu, nayo yanamrudishia mnunuzi uamuzi ambao kompyuta za miaka ya 1990 zilimpa bila kukusudia.