Sholay

Sholay ni filamu ya Kihindi iliyotoka tarehe 15 Agosti 1975. Iliongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Inahusu wezi wawili walioshibana, Jai (Amitabh Bachchan) na Veeru (Dharmendra), mpaka mmoja wao anapouawa. Afrika Mashariki, ambako picha la Kihindi lina wapenzi wake tangu enzi za mwigizaji Raj Kapoor, ni miongoni mwa filamu ambazo wazee wanaweza kuzisimulia bila kujua neno la Kihindi.

Hadithi

Thakur Baldev Singh, afisa wa zamani wa polisi aliyeuliwa jamaa zake na kukatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh (Amjad Khan), anawakodi marafiki hao wamkamate adui yake akiwa hai. Veeru anampenda Basanti (Hema Malini), mwendesha kigari cha farasi mwenye domo. Jai, mkimya, anavutwa na Radha (Jaya Bhaduri), mjane wa mtoto wa Thakur.

Jai ana sarafu anayoirusha kila wanaposhindwa kuamua. Darajani, huku risasi zikiwaishia, anairusha tena, na inaangukia kwamba Veeru aondoke na Basanti, yeye abaki. Veeru anaporudi, rafiki yake anakata roho. Veeru anaiokota sarafu na kuigeuza: pande zote mbili ni sawa. Jai hakuwahi kubahatisha.

Kifo cha steringi

Kanuni ya vibanda vya video inajulikana: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Sholay iliivunja, na waliotaka kuirudia kanuni hiyo walikuwa watengenezaji wenyewe. Filamu ilianza kwa kusuasua, wahakiki wakaiponda, na pakazuka mjadala wa kupiga upya mwisho ili Jai abaki hai, kwa kuwa Bachchan alishakuwa nyota. Wakaamua kusubiri kidogo. Watu wakaanza kufurika, na ukumbi wa Minerva mjini Bombay ukaionyesha kwa miaka mitano. Pengine mwisho wa heri ungeifanya picha moja zaidi ya kupigana ngumi.

Muziki

Wa R. D. Burman. Wimbo wa marafiki hao, walioucheza juu ya pikipiki yenye kigari cha pembeni, uliimbwa na Kishore Kumar na Manna Dey. Unarudi Jai anapokufa, safari hii kwa majonzi.

Kilosa

Wilaya ya Kilosa iko mkoani Morogoro, Tanzania.  Kinachoihusisha wilaya hii na Sholay ni utani. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru, nchi ya Wakaguru, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Gairo bado ni sehemu ya Kilosa, alichapisha mwaka 1966 makala juu ya utani wa Wakaguru na jinsi unavyofungamana na kifo. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana ukiwa hai, na msibani ndiye mwenye kazi. Watani huigiza mwendo wa marehemu na kudai senti kabla jeneza halijatoka, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka.

Jai ni mtani hasa. Anapokwenda kumposea Veeru kwa ndugu wa kike wa mama yake Basanti, anamsifu kwa namna ya kumchongea: kijana mwema, ila hucheza kamari, hucheza kamari kwa sababu ya pombe. Aliyezoea misiba ya Ukaguru hahitaji tafsiri kuelewa kwa nini kicheko kile kinamrudia mtazamaji pale darajani.

Hali ya sasa

Majumba mengi ya sinema ya mikoani Tanzania yalifungwa. Tamthilia za Kihindi zenye sauti za Kiswahili huonekana kwenye ving'amuzi vya Azam na StarTimes. Mwaka 2025 nakala ya Sholay iliyokarabatiwa ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wa awali ambao wadhibiti wa filamu wa India waliukataa: Thakur anamuua Gabbar. Kifo cha Jai hakikuguswa.